Haki ya Gari Linalochekwa

Wahenga wetu wametuachia neno hili: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Neno hilo hutajwa mara nyingi mabarazani, panapo mashauri baina ya mtu na mtu. Leo twapenda kulitumia kwa ajili ya kitu kisicho na ulimi wa kujitetea, nacho ni motokaa. Wala si motokaa ya fahari, la hasha. Ni ile ndogo iitwayo Trabant, iliyotengenezwa katika mji wa Zwickau, Ujerumani ya Mashariki, tangu mwaka 1957 hata 1991. Nchi hiyo yenyewe haipo tena tangu 1990, ijapokuwa jina lake halijasahauliwa kwetu, maana ndiyo iliyosaidia kujenga nyumba za ghorofa kule Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964.

Wapenzi wa magari ya zamani wana matabaka yao, kama yalivyo matabaka katika mambo mengine ya wanadamu. Mwenye Mercedes au Porsche ya kale huketi mbele, na watu humzunguka wakimwuliza habari. Mwenye Trabant akifika, wenzake hutazamana na kutabasamu. Wajerumani wenyewe walilipa gari hili jina la mzaha, wakaliita kadibodi ya mashindano. Wasema pia kwamba kioo chake cha nyuma kimetiwa joto ili anayelisukuma wakati wa baridi asigande mikono. Mizaha ya namna hii ni mingi, na mingine inachekesha kweli.

Lakini hapa pana jambo la kutafakari. Gari linalochekwa hivyo lingali barabarani. Katika miaka hii ya 2020, miongo mitatu baada ya la mwisho kutoka kiwandani, Trabant zilizoandikishwa Ujerumani ni zaidi ya 30,000. Wenye nazo hukusanyika Zwickau na kwingineko, wengine wakisafiri mwendo wa siku nyingi kutoka nchi za jirani, kwa gari ambalo mwendo wake wa mwisho ni kama kilomita 100 kwa saa. Wengi wao waweza kabisa kununua gari jingine. Watu watasema kwamba kipendacho roho hula nyama mbichi, na kuishia hapo. Sisi twaona methali hiyo haitoshi. Twaamini kwamba katika mapenzi hayo mna hukumu iliyo ya haki kuliko kicheko, na twataka kuonyesha kwa nini.

Kwanza, na tuangalie gari hili lilitoka wapi. Zwickau si mji mgeni katika kazi ya magari. Fundi August Horch alileta kiwanda chake huko mwaka 1904, na baadaye akaanzisha kingine kilichoitwa Audi katika mji huo huo. Kabla ya vita vya pili vya dunia, magari ya Horch yalikuwa ya mabwana wakubwa. Vita vilipokwisha, mji ukaangukia upande uliotawaliwa na Warusi, na mitambo mingi ikang'olewa na kuchukuliwa kuwa fidia ya vita. Waliobaki walikuwa mafundi na wafanyakazi, wenye ujuzi mikononi lakini wenye uhaba mkubwa wa vifaa. Uhaba uliowauma kuliko wote ni wa mabati ya chuma ya kufanyia bodi, ambayo nchi yao haikuwa nayo ya kutosha, wala kuyapata kutoka Magharibi haikuwa rahisi.

Sasa, mtu asiye na chuma atatengenezaje motokaa? Wafanyakazi wa Zwickau walijibu swali hilo kwa mabaki ya pamba. Walichukua pamba taka iliyoletwa kutoka Muungano wa Kisovieti, ile isiyofaa kufumwa nguo, wakaipanga tabaka juu ya tabaka pamoja na gundi ya kemikali, kisha wakaishindilia kwa mtambo wenye nguvu na joto kali. Kilichotoka kilikuwa kitu kigumu, chepesi, kisichopata kutu hata siku moja. Kikaitwa duroplasti. Kwa hiyo wale wasemao kwamba gari hili ni la karatasi, hawasemi kweli. Chini yake mna mifupa ya chuma, na ngozi yake ni pamba iliyofanywa ngumu kwa akili ya watu waliokataa kukaa bure.

Pili, na tuangalie lilivyoundwa. Injini yake ni ya mapigo mawili, mfano wa injini za pikipiki nyingi za zamani, nayo ina silinda mbili tu. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 nguvu yake ilikuwa ya farasi 26. Haina rejeta wala pampu ya maji, kwa sababu hupozwa kwa upepo. Basi hakuna maji ya kuchemka wakati wa joto wala ya kuganda wakati wa theluji. Tangi la petroli limewekwa juu, chini ya boneti, na petroli hushuka yenyewe hata kwenye kabureta, bila ya pampu. Katika magari mengi ya aina hii hapakuwa na saa ya kuonyesha petroli iliyobaki. Dereva alifungua tangi, akachovya kijiti chenye alama, akasoma. Oili nayo huchanganywa na petroli ndani ya tangi, na katika magari ya miaka ya baadaye kipimo kilikuwa sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli.

Mwenye kuzoea magari ya leo atacheka akisikia habari ya kijiti. Lakini afikiri kidogo. Kitu ambacho hakimo ndani ya gari hakiwezi kuharibika, wala hakimgharimu mwenye gari. Mfanyakazi wa Ujerumani ya Mashariki aliweza kulitengeneza gari lake mwenyewe, kwa spana chache na bisibisi, kando ya nyumba yake, siku ya mapumziko. Injini nzima watu wawili waliweza kuinyanyua na kuitoa. Kwa gari hilo, watu wanne wa jamaa moja na mizigo yao walivuka milima hata Hungaria na Bulgaria kwenda kupumzika. Gari lililomfikisha mfanyakazi baharini na kumrudisha nyumbani limetimiza kazi liliyopewa.

Hata hivyo hatupendi kumdanganya msomaji. Mapenzi ya kweli hayafichi kasoro. Trabant hutoa moshi wa bluu wenye harufu kali, maana oili huungua pamoja na petroli, na moshi huo ulichafua hewa ya miji mingi. Lina kelele. Lenyewe lina uzito wa kilo 600 na kitu tu, na likigongana na gari kubwa abiria wake hawana kinga ya kutosha. Wala kuweka tangi la petroli juu ya injini si jambo la kusifiwa. Hata ile duroplasti, ambayo uzuri wake ni kutooza, gari lilipokufa iligeuka mzigo, kwa sababu haiyeyushwi ikatumika tena kama chuma, na kuichoma ni kutoa sumu hewani. Mambo haya wapenzi wa gari hili wayajua kuliko wanaolicheka.

Basi, lawama hii ni ya nani? Hapa ndipo shauri lenyewe lilipo.

Mwaka 1957 Trabant halikuwa gari la aibu. Lilivutwa na magurudumu ya mbele na injini yake iliwekwa kwa kukingama, mpango ambao magari mengi madogo ya dunia yaliufuata baadaye. Mwaka 1964 likapata umbo jipya, likaitwa Trabant 601. Kisha likasimama. Umbo hilo la 1964 ndilo lililoendelea kutoka kiwandani, kwa mabadiliko madogo madogo, hata 1990. Je, mafundi walikuwa wamelala? La. Katikati ya miaka ya 1960 walibuni gari jipya kabisa, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, wakaliita P 603. Mwaka 1968 wakubwa wakaamuru kazi hiyo ikomeshwe. Wakajaribu tena katika miaka ya 1970 kwa gari jingine, P 610, wakishirikiana na wenzao wa Chekoslovakia. Mwaka 1979 nalo likakomeshwa. Mara mbili wafanyakazi walileta dawa ya kasoro hizi tulizozitaja, na mara mbili mlango ukafungwa na watu waliokaa mezani.

Wakubwa hao hawakuona haja ya kubadili, kwa kuwa kila gari lililotengenezwa lilikuwa limekwisha pata mnunuzi. Mtu aliyetaka Trabant aliandikisha jina lake, akangoja miaka kumi, hata kumi na miwili na zaidi. Wazazi waliwahimiza watoto wao wajiandikishe mara tu watimizapo miaka 18. Gari kuukuu, kwa kuwa halikuwa na kungoja, liliweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko jipya. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hawakusema habari za nchi ambayo mnunuzi hana pa kwenda. Uvumilivu wa mfanyakazi uligeuzwa kuwa ushahidi kwamba mfanyakazi ameridhika. Na wakati huo huo viongozi wa juu wa nchi hiyo walipanda Volvo kutoka Sweden na Citroën kutoka Ufaransa. Kiongozi asiyepanda gari la watu wake, moshi wake atausikia kwa habari tu.

Hili twalisema kwa uzito, kwa kuwa halihusu Ujerumani peke yake. Chama chochote kinachosema kwa jina la wafanyakazi kina deni la kusikiliza wafanyakazi wanaposema kwamba kazi yao yaweza kuwa bora zaidi. Kukataa ubora wanaouweza ni kuwavunjia heshima, hata kama sifa zao zimeandikwa kwa herufi kubwa ukutani.

Jibu lilikuja mwaka 1989. Katika kiangazi cha mwaka huo maelfu ya watu waliihama nchi yao kupitia Hungaria na Chekoslovakia, na Trabant zao, walizozingojea muda mrefu hivyo, zikaachwa kando ya njia na katika mitaa ya Prague. Tarehe 9 Novemba ukuta wa Berlin ukafunguliwa, na magari yaliyopita mpakani yakilia na kufuka moshi yalikuwa yale yale, huku watu wa upande wa pili wakiyapigapiga boneti kwa furaha. Lakini furaha haikudumu. Fedha ya Magharibi ilipoingia mwezi Julai 1990, watu walikimbilia magari ya Magharibi, na Trabant zikatupwa au kutolewa karibu bure. Kiwanda kilijaribu kutia injini ya Volkswagen, bali saa ilikuwa imekwisha pita. Tarehe 30 Aprili 1991 gari la mwisho likatoka. Hesabu yote ilikuwa zaidi ya milioni 3.

Wakati huo kicheko kilizidi, nacho hakikulihusu gari peke yake. Maelfu ya wafanyakazi walikuwa wakipoteza kazi, na walipoambiwa kwamba gari lao ni takataka, wengi walisikia kwamba maisha yao yote ya kazi yalikuwa takataka. Hapo ndipo twaanza kuyaelewa mapenzi haya. Mtu anayeitunza Trabant ya baba yake hasemi kwamba zamani mambo yote yalikuwa mema. Anakataa tu kuitupa kazi ya baba yake pamoja na makosa ya waliomtawala.

Katika mji wa Zwickau, ndani ya majengo ya kile kiwanda cha zamani cha Audi, mna nyumba ya makumbusho yenye jina la August Horch. Humo magari ya fahari ya Horch na Trabant za wafanyakazi yamewekwa chini ya dari moja. Sisi twaona huo ni uamuzi wa hekima. Mpenzi wa magari anayelisujudia la kwanza na kulitemea mate la pili hajui kwamba anatazama kazi ya mji mmoja. Mikono iliyopewa chuma, ngozi na fedha ilifanya Horch, na mikono iliyopewa pamba taka ilifanya Trabant. Na leo, karibu na mji huo huo, wafanyakazi watengeneza magari ya Volkswagen yaendayo kwa umeme, yasiyo na moshi hata kidogo.

Hatumwambii mtu auze gari lake akatafute Trabant. Wala hatusemi kwamba moshi ni manukato. Twasema tu kwamba kila kazi ya mikono ina hesabu mbili, nazo zisichanganywe. Hesabu ya kwanza ni ya fundi: alipewa nini, naye akafanya nini kwa alichopewa. Hesabu ya pili ni ya aliyeamuru: aliambiwa nini, naye akakataa nini. Anayelicheka gari la Zwickau humtoza fundi deni la bwana wake. Anayelipenda, huku akijua kelele na moshi wake, amekwisha zitenga hesabu hizo mbili, na ndiyo sababu twasema kwamba amehukumu kwa haki.