Shanta la Mizigo Mizito: Tuanze na Mshono

Mtu anayejiandaa kupanda Milima ya Rwenzori huwaza sana juu ya buti za mpira, koti la mvua na blanketi. Shanta hulikumbuka mwisho kabisa, kana kwamba ni mfuko tu wa kutilia hivyo vingine. Nasi tulipofunga safari yetu ya kwanza tuliwaza vivyo hivyo. Tulinunua dukani shanta jipya, lenye rangi ya kupendeza na mifuko midogo isiyohesabika, tukaondoka nalo Nyakalengija tukiwa na furaha tele.

Siku ya tatu, tulipokuwa tukivuka kinamasi cha Bigo, mkanda mmoja wa begani uling'oka pale uliposhonewa kwenye mfuko. Kitambaa chenyewe hakikuwa na hata mkwaruzo. Shanta lilianguka majini pamoja na unga na mablanketi yetu, na mahali hapo ni zaidi ya meta 3,000 juu ya usawa wa bahari, ambapo usiku baridi huuma hata aliyelala mkavu. Ndugu mmoja miongoni mwa wapagazi, Mkonzo wa makamo, alikata utepe wa mpira wa baiskeli aliokuwa nao, akalifunga shanta, akapitisha mkanda kwenye paji la uso kama walivyobeba wazee wake, akaendelea na safari. Sisi tulimfuata mikono mitupu. Tuliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyotufundisha kununua shanta.

Hapana budi kueleza kwanza kwamba mzigo wa kilo 20 hauvuti shanta lote kwa usawa. Nguvu yake karibu yote hukusanyika mahali pachache: pale mikanda ya mabegani inaposhonewa juu na chini, na pale mshipi wa kiunoni unapoungana na mfuko. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huligeuza shanta ndani nje kabla ya kuuliza bei. Atafute mshono uliorudiwa mara kadhaa, mahali padogo, hata uzi ukawa mnene kama kovu. Atazame kama mkanda umeingizwa ndani kati ya vitambaa viwili na kushikwa na kiraka, ama umebandikwa juu tu kwa mstari mmoja wa cherehani. Wa namna hii ya pili ndio uliotuangusha Bigo. Kadhalika uzi uwe wa nailoni au wa poliesta. Uzi wa pamba huoza upesi katika nchi ya mvua, na Rwenzori ni nchi ya mvua.

Ama kuhusu kitambaa, wauzaji hupenda kutaja namba: 210, 500, 1000. Hicho ni kipimo kiitwacho denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa meta 9,000. Namba ikiwa kubwa, uzi ni mnene. Kwa mizigo mizito itakayoburutwa juu ya mawe, nailoni ya 500 au zaidi yafaa, na ya 1000 hudumu miaka mingi ingawa huongeza uzito. Turubai la pamba ni gumu pia, lakini likilowa huwa zito na hukauka kwa taabu.

Jambo la pili kwa umuhimu baada ya mshono ni mshipi wa kiunoni. Mabega hayakuumbwa kubeba mzigo kutwa nzima, nyonga zinaweza. Mmarekani Dick Kelty alianza mwaka 1952, huko California, kutengeneza na kuuza mashanta yenye kiunzi cha alumini, na mshipi wa kiunoni ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyompatia sifa. Kiunzi hupeleka uzito chini hadi kwenye mshipi, na mshipi huukabidhi kwa nyonga. Shanta lisilo na kiunzi, hata likiwa na mshipi mzuri, hujikunja katikati na mzigo wote hurudi mabegani. Viunzi ni vya aina mbili. Cha nje chafaa kwa madumu na masanduku, tena huacha hewa ipite mgongoni. Cha ndani hulikumbatisha shanta na mwili, lisiyumbe. Kwa anayeruka kutoka kichuguu cha nyasi hadi kingine ndani ya kinamasi, sisi twapendelea cha ndani.

Urefu wa shanta haufuati urefu wa mtu, bali urefu wa mgongo wake. Upimwe kutoka mfupa utokezao chini ya shingo hadi usawa wa sehemu ya juu ya nyonga. Tumewaona warefu wenye migongo mifupi wakihangaika siku nzima na mshipi uliokaa mapajani.

Wengi wetu hatununui dukani bali kwenye mitumba, pale Owino mjini Kampala na kwingineko, na huko hupatikana mashanta mazuri kuliko mengi mapya. Tahadhari moja tu: unusa ndani. Utando wa kuzuia maji uliopakwa upande wa ndani ukikaa muda mrefu katika joto na unyevu huoza, hunata vidoleni, hutoka magamba na kunuka vibaya, wala haurekebishiki. Kitambaa kilichopauka kwa jua nacho kiachwe, maana jua hudhoofisha nailoni. Zipu mbovu au bizimu iliyovunjika si kitu, hivyo hubadilishwa. Hata hivyo, shanta linalofungwa juu kwa kamba lina machache ya kuharibika kuliko lenye zipu kila upande.

Kabla ya safari, lijazwe kilo 20 za mahindi au mchanga, kisha livaliwe saa nzima mahali penye kilima, huku vitu vizito vimekaa karibu na mgongo. Anayemkabidhi mpagazi shanta lake afanye jaribio hilo yeye mwenyewe, kwa mabega yake mwenyewe.

Shanta letu la Bigo hatukulitupa. Tulilipeleka kwa fundi viatu wa kando ya barabara, akaweka kiraka cha ngozi ndani, akashona kwa uzi ule ule wa soli. Uzi ni mwekundu, kwa kuwa mweusi ulikuwa umemwishia. Tumepanda nalo mara mbili tangu siku ile.