Kinachoua Vishikwambi vya Shule

Kishikwambi kikigoma kuwaka mbele ya wanafunzi, lawama humwendea mtoto aliyekishika mwisho, au kiwanda. Mara nyingi chanzo kiko stoo. Betri ya lithiamu hupoteza chaji yenyewe hata kifaa kikiwa kimezimwa. Kikifungiwa likizo nzima kikiwa kimebakiwa na asilimia 5, volti hushuka kupita kiwango cha usalama, na sakiti inayoilinda betri huweza kukataa kupokea umeme tena. Mwalimu huchomeka chaja, haoni taa, huandika “kibovu”, na kifaa ambacho hakijafundishia hata muhula mmoja kinaishia kwenye rundo la vyuma chakavu. Joto la chumba cha bati lisilo na dirisha huongeza kasi ya uchakavu huo.

Jambo hili ni zito kwetu. Mpango wa Kenya wa elimu ya kidijitali ulioanza 2016 ulizifikishia shule za msingi za umma vifaa zaidi ya milioni 1, na nchini Tanzania vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu. Fedha za umma zilikwisha kutoka. Kilichobaki ni matunzo, nayo matunzo huanza na kukitumia kifaa. Kinachotolewa kila wiki huchajiwa kila wiki, na kasoro yake huonekana ingali ndogo. Hivyo ndivyo ilivyo hata kwa projekta: ile inayojizima katikati ya somo aghalabu imezibwa kichujio na vumbi, ikapata joto, ikajilinda. Kusafisha kichujio hakuhitaji fundi.

Watasema vifaa vikitolewa vitaibwa. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa shule zimevunjwa kweli. Lakini kufuli halizuii kutumia. Kabati la chuma lenye matundu ya hewa, namba kwenye kila kifaa, na saini ya anayechukua na anayerudisha vinalinda mali huku ikifanya kazi. Pingamizi la pili ni gumu zaidi: mwalimu mwenye darasa la watoto zaidi ya 60 atapata wapi muda wa ufundi? Kumtwika kazi hiyo juu ya vipindi vyake vyote ni kumwonea. Mkuu wa shule ampunguzie vipindi mwalimu mmoja, ampe na daftari la hitilafu: tarehe, namba ya kifaa, kilichoonekana, kilichojaribiwa. Ajaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwanza soketi, kisha chaja, kisha kebo, ili ajue kipi kilileta nafuu. Vifaa vitatu vikikataa kuchaji kwenye soketi ileile, daftari litamwonyesha kwamba anayehitajika ni fundi umeme. Mipaka nayo iwepo: betri iliyovimba isichajiwe wala kutobolewa, na mwalimu huyo asifungue kifaa chochote cha umeme.

Wakuu wa shule, kabla ya kufunga muhula huu toeni vishikwambi vyote stoo, vichajini hadi kama nusu, vizimeni na vihifadhini mahali penye ubaridi. Kisha mpangieni mtu wa kuvikagua na kuvichaji tena katikati ya likizo, na jina lake liandikwe kwenye ratiba.