Kamba ya kubebea ichaguliwe kwa mwili wa mwenye kubeba

Kule Amerika, mchunga ng'ombe akitaka kununua tandiko ya farasi, anaanzia ku mgongo wa mnyama. Anaingiza vidole viwili ao vitatu chini ya tandiko, pale juu ya mabega. Visipopita anaiacha, hata kama ngozi yake ni nzuri. Tandiko ikigusa uti wa mgongo, kesho farasi haifanye kazi.

Kwetu Walungu farasi hakuna. Toka ku mashimo mpaka Nzibira, muzigo unapanda ku mgongo wa watu, kamba ku kipaji, na mama zetu ni wamoja kati yao. Ile kamba nani anaipima? Tunaokota yoyote.

Sisi wa sendika tuseme wazi. Kamba nyembamba inakata kichwa na kung'oa nywele. Pahali inagusa kipaji iwe pana kama kiganja. Muzigo ushikamane na mgongo. Ukining'inia mpaka matako, shingo ndiyo inalipa. Mama mfupi asiazime kamba ya bwana mrefu bila kuifunga upya.

Tena kasiterite inadanganya macho. Uzito wake ni karibu mara saba ya maji. Mfuko nusu unashinda mfuko mzima wa unga wa muhogo. Toka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa linashauri mwanaume asipite kilo 55, mwanamke chini sana ya hapo. Mwenye kulipa kwa kilo hapendi kusikia hesabu hiyo. Basi muzigo upimwe ku balansi kule kule shimoni, kabla ya kufungwa, si ku depo peke yake.