Jalada la Gemu ya Nyota: Mnunuzi Huona Nini Kwanza?



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapendwa, mwaka jana, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja aliyewahi kusoma hapa madrasani alinijia na simu mkononi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akitengeneza gemu, yaani mchezo wa kuchezwa kwenye simu, peke yake, bila kampuni wala mfadhili. Katika gemu hiyo mchezaji huongoza msafara wa vyombo vya angani kutoka nyota moja hadi nyingine, na kila kituo kina bidhaa yake inayotakiwa. Wazo hilo alilitoa kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa Tabora, ikafika Ujiji.

Alilipa dola 25 ambazo Google hutoza mara moja kwa kila anayejiandikisha kuweka programu katika duka lake la Play. Fedha hiyo alipewa na mama yake, ambaye huuza asali sokoni. Akaiweka gemu yake dukani, akasubiri. Wiki zikapita. Walioifungua walikuwa jamaa zake na marafiki zake tu.

"Mwalimu," akaniambia, "waliocheza wote wameisifu. Mbona wageni hawaingii? Mama ameanza kuniuliza."

Nikamwomba anionyeshe jinsi gemu yake inavyoonekana dukani. Nikaona kipicha kidogo kama kucha ya kidole gumba. Humo ndani alikuwa amebana roketi tatu, sayari tano, jua, mtu wa angani, jina la gemu kwa rangi nne, na jina lake mwenyewe chini. Nilikodoa macho, lakini sikutambua hata kimoja. Gemu ilikuwa nzima. Mlango wake ndio uliokuwa umefungwa. Makala hii inaeleza yale tuliyojifunza pamoja katika kuufungua.

KAZI YA JALADA

Katika duka la mtandaoni mnunuzi haishiki bidhaa. Hupitisha kidole juu ya safu za picha, na kila picha huipa muda mfupi kuliko wa kuitikia salamu. Duka la Play hutaka picha ya alama yenye pikseli 512 kwa 512, na picha pana ya pikseli 1024 kwa 500. Mchoraji huzichora kubwa kwenye kompyuta, akazipenda. Mnunuzi huziona ndogo, pengine juani, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Kwa hiyo jalada lina kazi ya kujibu maswali matatu kwa haraka: Hii ni gemu ya namna gani? Nikiingia nitafanya nini? Ina tofauti gani na zile zilizo kando yake? Jalada zuri likishindwa kujibu maswali hayo, huwa ni pambo tu.

SOMO LA SHANGA

Jambo hili wazee wetu wa njia ya misafara walilijua kabla ya kompyuta. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja akijiandaa kumtafuta Livingstone, ilimbidi aulize kwanza ni shanga zipi zinapokelewa wapi. Aliandika kwamba hapa kwetu Unyamwezi watu walipokea shanga nyekundu, zilizoitwa samesame, na kuzikataa nyingine. Shanga nyeusi zilikuwa na thamani Ugogo, lakini kwingineko hazikuwa na kazi. Zile kubwa zilizoitwa sungomaji zilitakiwa Ujiji. Mfanyabiashara aliyebeba mzigo wa rangi isiyotakiwa alikuwa amewabebesha wapagazi mawe tu kwa mamia ya maili.

Jalada ni hivyo hivyo. Kabla ya kuchora, lijue soko lako. Fungua duka, tafuta gemu za safari za angani, kisha ziangalie ishirini kwa pamoja. Utaona nyingi ni nyeusi na buluu, kwa sababu anga ni jeusi. Nawe ukichora jeusi na buluu, utapotea katikati yao. Lakini usikimbilie kuchora shamba la kijani, kwani anayetafuta nyota atapita asijue kuwa unamwita yeye. Inatakiwa picha itambulike kuwa ni ya ukoo ule, na papo hapo iwe na sura yake yenyewe.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Kitu kimoja tu. Chagua jambo moja ambalo jicho litaliona kwanza. Vingine vyote vikitumikie kitu hicho au viondoke.

2. Ukubwa na udogo. Anga ni pana, na upana hauonekani mpaka uwekwe kando ya kitu kidogo. Chombo kidogo mbele ya sayari kubwa huonyesha umbali kuliko sayari kumi zilizorundikwa.

3. Mwanga dhidi ya giza. Igeuze picha yako iwe nyeusi na nyeupe. Ikiwa kitu chako kikuu kimezama ndani ya giza, rangi hazitakiokoa. Rangi ya moto, kama nyekundu au ya machungwa, huonekana upesi juu ya anga jeusi.

4. Jina lisomeke. Tumia herufi nene, maneno machache na rangi moja. Katika kile kipicha cha alama, ni bora kuacha maneno kabisa, kwa kuwa duka lenyewe huandika jina chini yake.

5. Acha nafasi pembezoni. Duka hukata pembe za picha ya alama zikawa za mviringo. Ukiweka kitu muhimu pembeni kitakatwa.

6. Usijisifu juu ya jalada. Duka la Steam, ambalo huuza gemu za kompyuta, tangu Septemba 2022 limekataza kuandika tuzo, maksi za wahakiki au punguzo la bei juu ya picha hizo. Huruhusu mchoro wa gemu na jina lake.

7. Usichukue mchoro wa mtu bila idhini. Kwa wasiojua kuchora ipo njia ya halali: picha nyingi za sayari na nyota zilizopigwa na NASA ya Marekani hazina haki miliki huko, na huweza kutumiwa. Nembo ya NASA ndiyo isiyoruhusiwa.

Mfano mzuri ni gemu ya Outer Wilds. Ilianza kama kazi ya shahada ya uzamili ya Alex Beachum katika Chuo Kikuu cha Southern California, ikatolewa mwaka 2019. Katika picha yake inayojulikana kuna moto wa kambi, na juu yake anga pana. Moto mdogo, anga kubwa. Mtu huelewa mara moja kuwa hapa kuna msafiri, yuko mbali na kwao, na safari inaendelea. Mtoto wa Tabora anayesikia habari za kambi za misafara hahitaji kufafanuliwa picha hiyo.

JALADA LISIAHIDI KISICHOKUWAMO

Mwezi Agosti 2016 kampuni ndogo ya Uingereza iitwayo Hello Games ilitoa gemu ya safari za angani, No Man's Sky. Wanunuzi wengi walilalamika kwamba picha na video za dukani zilionyesha mambo wasiyoyakuta ndani. Chombo kinachosimamia matangazo nchini humo kilichunguza, na Novemba mwaka huo kikaamua kuwa kanuni hazikuvunjwa. Hata hivyo hasira za watu hazikuisha kwa uamuzi huo. Kampuni ilitumia miaka iliyofuata kutoa nyongeza nyingi bila malipo, na polepole imani ya wachezaji wengi ikarudi.

Sisi tuna mizani ya zamani zaidi. Mnaijua hadithi ya Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka na kukuta chini yake imelowa. Alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione. Jalada ndilo juu ya rundo. Chora kilichomo.

Nilimkumbusha kijana jambo jingine. Misafara ya kweli ilibeba nguo na shanga, lakini pia ilibeba pembe za ndovu, na watu waliotiwa utumwani. Anayeichukua njia ile kuwa pambo la gemu asiifute dhuluma iliyopita juu yake. Akaenda akaongeza kituo kimoja katika gemu kinachoeleza habari hiyo.

ALIVYOFANYA

Alifuta karibu kila kitu. Akabakisha sayari moja kubwa yenye giza, na mbele yake mstari wa vyombo vidogo, cha mbele kikiwa na taa nyekundu kama ushanga wa samesame. Kisha tukafanya jaribio. Alimpelekea mama yake simu pale sokoni, akamwonyesha picha kwa kuhesabu moja, mbili, akaificha. Akamuuliza ameona nini.

"Msafara," akasema mama. "Unakwenda mbali. Mbele kuna mwenye taa."

Kwa ile picha ya kwanza, mama huyo huyo alikuwa amesema haoni kitu. Tangu picha ibadilishwe wageni wameanza kuifungua gemu, hata wengine wasiojua Kiswahili. Bado si wengi, na ada ya mama haijarudi yote. Lakini sasa anayepita anajua kuna nini ndani.

Wanafunzi wangu, si lazima uwe mtengenezaji wa gemu. Uwe unauza asali, unaandika tangazo la maulidi au unachora jalada la gazeti hili, fanya jaribio lile lile: punguza picha iwe kama kucha, mwonyeshe mtu asiyeijua, hesabu hadi mbili, kisha nyamaza umsikilize.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wenu.