Fahamu: Mfumo wa M-mama unavyomfikisha mjamzito hospitalini

Mama anatokwa damu usiku, kijijini. Zahanati haina uwezo wa kumfanyia upasuaji, na gari la wagonjwa liko mbali, pengine halina mafuta. Wataalamu wa afya ya uzazi huuita huu ucheleweshaji wa pili: wa kufika kwenye huduma. Daktari peke yake hawezi kuutibu.

Tanzania ilijaribu njia nyingine Kanda ya Ziwa, kisha ikaisambaza nchini. Katika M-mama, mtu hupiga 115 bila malipo. Mhudumu wa kituo cha simu huuliza dalili na kuamua mgonjwa apelekwe wapi. Gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa jamii, mwenye gari lake, aliyesajiliwa na kupewa maelekezo mapema. Akishamfikisha mama, analipwa nauli kwa simu. Familia haidaiwi hata shilingi.

Hapo wizara, halmashauri, kampuni ya simu, wafadhili na madereva wa mtaani wanategemeana. Vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 (utafiti wa 2015/16) hadi 104 mwaka 2022. M-mama pekee haiwezi kubeba sifa hiyo. Wakunga, dawa na vyumba vya upasuaji vina sehemu yao kubwa. Mashaka yangu ni kwenye fedha: nauli lazima ziingie kwenye bajeti za halmashauri, maana mfadhili huondoka.

Kama nyumbani kuna mjamzito, hifadhi namba hiyo leo: 115.