Dagaa wa Peru na Hesabu za Dunia

Mwaka 1996 dunia ilivua samaki wa baharini tani milioni 86 hivi. Tangu hapo takwimu za FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, zimetulia tuli: milioni 80, zaidi au pungufu kidogo. Ungedhani bahari ni ghala lenye mlinzi. Lakini utulivu huo ni wa jumla tu. Ndani yake mna nchi zilizopanda na nchi zilizozama.

Peru ilivyoyumba, hakuna mfano wake. Mwaka 1970 ilivua karibu tani milioni 12 za anchoveta, samaki wa ukoo mmoja na dagaa mchele wetu. Hiyo ilikuwa kilo 1 katika kila kilo 5 zilizotoka baharini duniani kote! Wengi wao hawakufika mezani: walisagwa kuwa chakula cha kuku na nguruwe wa nchi za mbali.

Utajiri huo huletwa na upepo. Pepo za kusini husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka kilindini kushika nafasi. (Kusi yetu hufanya kazi iyo hiyo pwani ya Somalia.) El Niño ikija, maji ya moto hutanda juu, rutuba hubaki chini, dagaa hutawanyika. Ile ya 1972 iliwakuta wamekwisha kuvuliwa kupita kiasi. Mwaka uliofuata hazikupatikana hata tani milioni 3, na ilipita miaka 20 hivi kabla meli hazijajaa tena.

China nako tatizo lilikuwa kalamu. Mwaka 2001 wanasayansi wa uvuvi Reg Watson na Daniel Pauly walionyesha kwamba tarakimu zake zilizidi uwezo wa bahari yenyewe. Maofisa walipandishwa vyeo kwa kuripoti ongezeko. Ziada hiyo ikiondolewa, mavuno ya dunia yalikuwa yakishuka tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kumbe tulikuwa tukishangilia wino.

Peru siku hizi hupima kwanza, ndipo ivue. Mwaka 2023 watafiti walikuta dagaa wachanga wengi mno katika maji yaliyopata joto, serikali ikafuta msimu wa kwanza wa kaskazini na kati. Meli zikabaki nangani, na bei ya mafuta ya samaki ikapaa hadi kwa wafugaji wa samoni Norway.