Dona Beija, Noti Iliyokataliwa

Juni 1967, Congo ya Rais Mobutu ilipoanza kutumia sarafu ya zaire, zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Desemba 1992 Benki ya Zaire ilitoa noti ya zaire milioni 5, nayo ilibadilishwa kwa dola mbili na ushei. Watu wakaibatiza Dona Beija, jina la mrembo wa tamthilia ya Brazil iliyopendwa kwenye televisheni za Zaire, kama Congo ilivyoitwa wakati huo.

Utani wa namna hii mimi huusoma kama takwimu. Jina la utani huwaambia watu noti ipi inapokewa na ipi inakwepwa, na habari hiyo hufika sokoni kabla ya taarifa ya benki kuu. Hata mtaa wa wabadilishaji fedha wa Kinshasa, wengi wao akina mama waliokaa na mabunda ya noti mbele yao, uliitwa Wall Street. Jina hilo ulilistahili, kwa kuwa bei ya dola iliyotajwa pale asubuhi ndiyo iliyopanga bei ya unga mchana.

Zaire ilifikaje kwenye noti za mamilioni? Uti wa mgongo wake ulikuwa shaba ya Gécamines, kampuni ya serikali iliyotoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji wote ulikuwa chini ya tani 50,000. Baada ya wanajeshi kupora miji Septemba 1991, wahisani nao walijiondoa. Serikali ikawa inalipa mishahara kwa noti mpya tu, na bidhaa haziongezeki. Kisha wananchi wakaanza kuikimbia fedha yenyewe: aliyelipwa asubuhi alihakikisha kabla ya jioni amenunua mchele, sabuni au dola. Hapo bei hupanda kwa kasi kuliko noti zinavyochapwa, kwa sababu kila noti inazunguka mikono mingi zaidi. Kodi iliyokadiriwa leo hulipwa baada ya miezi ikiwa haina thamani, na serikali huchapa tena.

Étienne Tshisekedi, mpinzani wa Mobutu na waziri mkuu aliyechaguliwa na Kongamano la Taifa, alitangaza kuwa Dona Beija si fedha halali. Wafanyabiashara wakamsikiliza yeye. Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti hizo walikuta wenye maduka hawazitaki, wakaasi na kupora Kinshasa. Mamia waliuawa, akiwamo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard.

Somo kubwa kwangu liko Kasai, nchi ya almasi na nyumbani kwa Tshisekedi. Watu wa huko waliikataa Dona Beija, na Oktoba 1993 wakaikataa pia zaire mpya, ambayo moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Wakaendelea na noti kuukuu, zilizochakaa na kuungwa kwa gundi, ambazo hakuna aliyekuwa akizichapa tena. Katika nchi ile ile, chini ya rais yule yule, noti kuukuu za Kasai zilishikilia thamani yake vizuri zaidi, huku kwingineko mwaka 1994 bei zikipanda kwa maelfu ya asilimia. Sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi kiasi hiki kwamba chanzo kilikuwa uchapaji wa noti. Wachuuzi na wachimbaji wa Mbuji-Mayi, mji wa Kasai, walifanya kazi iliyoishinda benki kuu.

Mobutu alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume nchini Uswisi mwaka 1996, noti kubwa zilizofuata ziliitwa prostate, yaani tezi dume kwa Kifaransa. Ulikuwa utani mkali juu ya mgonjwa, lakini ulitoka kwa walimu na wauguzi ambao mishahara yao ilikuwa imegeuka karatasi.

Mwaka 1998 faranga ya Congo ilipoingia, moja ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000, yaani zaire bilioni 300 za zamani. Woga haukubadilishwa pamoja nazo. Katika miji ya Goma na Lubumbashi kodi ya nyumba bado hutajwa kwa dola, na anayepokea noti ya dola huinyanyua kwanza kwenye mwanga. Ikiwa na mchaniko mdogo tu ukingoni, haiingii mfukoni mwake, inarudi kwako.